Menyu na Amri: Namna ya Kuendesha Programu kwenye Eneokazi la Kompyuta

Watu wengi wanaotumia kompyuta kila siku hufungua programu kwa njia ile moja waliyoonyeshwa mwanzoni, yaani kubofya picha iliyo mbele ya macho. Picha hiyo ikiondolewa, au ikifunikwa na dirisha jingine, kazi husimama. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine zilizopo katika mazingira ya eneokazi, yawe ya Windows, ya macOS au ya Linux, kuanzia menyu hadi amri inayoandikwa kwa mkono. Njia hizo zinaonekana kuwa tofauti, lakini zote zinafika mahali pamoja: nyuma ya kila kipengele cha menyu ipo amri, na mtu anayelielewa jambo hilo hahitaji kukariri mahali picha zilipo wala kuogopa kompyuta ambayo mpangilio wake hajauzoea.

Menyu kuu

Katika Windows, menyu kuu hufunguka kwa kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, kilicho upande wa chini kushoto wa kibodi. Menyu hiyo ilikuja na Windows 95 mwaka 1995, ikaondolewa katika Windows 8 mwaka 2012 na nafasi yake kuchukuliwa na ukurasa uliojaza skrini nzima, kisha ikarejeshwa kikamilifu katika Windows 10 mwaka 2015 baada ya watumiaji wengi kulalamika. Kitufe hicho hicho, ambacho watumiaji wa Linux hukiita Super, hufungua menyu ya programu katika KDE Plasma na Cinnamon (haya ni mazingira ya eneokazi ya Linux, kama zilivyo GNOME na Xfce), na katika GNOME huleta mwonekano wa madirisha yote yaliyo wazi pamoja na sehemu ya kutafutia. Katika Xfce, menyu ya programu hufunguliwa kwa kawaida kwa Alt+F1, na ukibofya kulia mahali patupu pa eneokazi utaikuta humo pia. Kwenye Mac programu zimo katika folda ya Applications, na njia ya haraka ya kuzifikia ni Command+Space, inayofungua Spotlight, chombo cha kutafutia kilichoanza na Mac OS X 10.4 mwaka 2005.

Ukishaifungua menyu, usianze kuipandisha na kuishusha kwa kipanya huku macho yakitafuta. Andika. Katika Windows, GNOME, KDE Plasma na Cinnamon, herufi unazoandika mara tu menyu inapofunguka huingia moja kwa moja katika sehemu ya kutafutia, hata kama hujaibofya sehemu hiyo, na mara nyingi herufi tatu au nne zinatosha kuileta programu juu ya orodha, ikabaki kubonyeza Enter. Si lazima ulijue jina la programu. Programu nyingi za Linux husajiliwa pamoja na maneno yanayoeleza kazi zake, na mipangilio ya Windows nayo hutafutwa kwa njia hiyo, kwa hiyo anayetaka kurekebisha sauti anaweza kuandika neno la sauti bila kujua ukurasa wa mipangilio unaitwaje. Maneno hayo hufuata lugha ambayo mfumo umewekewa. Kompyuta iliyowekewa Kiingereza inahitaji neno la Kiingereza.

Kuisoma menyu kabla ya kuibofya

Menyu zilizo ndani ya programu, zile zinazopangwa kwenye upau wa juu kwa majina kama File, Edit na View, zina alama ndogo ambazo watu huzipita bila kuziangalia, ilhali ndizo zinazoeleza kitakachotokea kabla hakijatokea. Mtu akizielewa alama hizo anaweza kuitumia programu ambayo hajawahi kuiona, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa kompyuta anapaswa kufundishwa, kabla ya kufundishwa programu yoyote kwa jina.

Fungua LibreOffice Writer, programu ya kuandikia nyaraka, andika sentensi moja, kisha ufungue menyu ya Edit bila kuchagua neno lolote. Utaona kwamba Cut na Copy zimefifia na kuwa za kijivu, na ukizibofya hakuna linalotokea. Funga menyu, bofya mara mbili juu ya neno mojawapo ili lichaguliwe, kisha uifungue tena menyu ile ile. Sasa zimekoza na zinafanya kazi. Rangi ya kijivu haimaanishi kwamba programu imeharibika. Mara nyingi inamaanisha kwamba sharti fulani la amri hiyo halijatimia, na kazi yako ni kujiuliza sharti hilo ni lipi. Huwezi kunakili kitu ambacho hujakichagua, huwezi kubandika ikiwa hujanakili chochote, na huwezi kutendua ikiwa hujatenda. Anayekutana na kipengele cha kijivu na kuanza kukibofya kwa nguvu, au kuifunga programu na kuifungua upya, anapoteza muda ambao swali moja tu lingemwokolea.

Angalia sasa nukta tatu zinazofuata majina ya baadhi ya vipengele, kwa mfano Save As na Print. Nukta hizo zinasema kwamba amri inahitaji maelezo zaidi kutoka kwako kabla ya kutekelezwa, hivyo ukiibofya litafunguka dirisha la maswali na bado utakuwa na nafasi ya kughairi. Amri isiyo na nukta hizo kwa kawaida hutekelezwa papo hapo. Tofauti hiyo ni kubwa pale ambapo amri yenyewe ni ya kufuta au ya kutuma. Isipokuwa jambo moja: vipengele ambavyo kazi yake yote ni kuonyesha dirisha la taarifa, kama vile kile kinachoeleza toleo la programu, mara nyingi havina nukta tatu ingawa vinafungua dirisha, kwa kuwa havisubiri jibu lolote kutoka kwako.

Mshale mdogo ulio ukingoni mwa kipengele unaonyesha kwamba ipo menyu ndogo ndani yake. Alama ya vema kando ya jina inaonyesha kwamba jambo hilo limewashwa, na kulibofya tena ni kulizima. Kitone cha duara badala ya vema kinaonyesha kwamba vipengele vya kundi hilo vinashindana, kwamba ukichagua kimoja kingine kinaachwa. Na upande wa kulia kabisa utaona mchanganyiko wa vitufe, kama Ctrl+S mbele ya Save au Ctrl+Z mbele ya Undo. Hiyo ndiyo njia ya mkato ya amri hiyo hiyo, na menyu inakufundisha bila malipo kila unapoifungua. Sishauri kukariri orodha ndefu za njia za mkato. Chagua amri unayoitumia mara nyingi kuliko zote, isome njia yake ya mkato katika menyu, uitumie mpaka vidole vizoee, kisha uendelee na nyingine.

Programu nyingi za siku hizi zimeuondoa upau wa menyu na kuweka kitufe kimoja chenye mistari mitatu. Skrini hupata nafasi, lakini mtumiaji mgeni hupoteza ramani, kwa kuwa hawezi tena kuona kwa mtazamo mmoja programu ina uwezo gani. Katika Firefox kwenye Windows na Linux, upau wa menyu umefichwa tu: bonyeza Alt mara moja nao utajitokeza.

Menyu inapokuwa ndefu mno, baadhi ya programu hukuruhusu kuitafuta amri kwa jina lake. LibreOffice imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 7.2 la mwaka 2021: bonyeza Shift+Esc, andika sehemu ya jina la amri, na utaonyeshwa amri pamoja na menyu inamokaa. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, kitufe cha mkwaju wa kulia, /, hufanya kazi hiyo. Kwenye Mac, Command+Shift+/ hufungua menyu ya msaada yenye sehemu ya kutafutia, na mshale huelekezwa kwenye kipengele chenyewe ndani ya menyu yake ili siku nyingine ukijue kilipo.

Menyu ya kubofya kulia

Ukibofya kulia juu ya kitu, iwe faili, neno lililochaguliwa au mahali patupu pa eneokazi, utapata menyu ya amri zinazokihusu kitu hicho tu. Kwa kuwa menyu hiyo hubadilika kulingana na mahali mshale ulipo, hakikisha mshale uko juu ya kitu unachokikusudia kabla ya kubofya. Asiye na kipanya anaweza kukichagua kitu kwa vitufe vya mishale kisha kubonyeza Shift+F10 katika Windows na katika programu nyingi za Linux. Kwenye Mac, shikilia Control huku ukibofya.

Kutembea ndani ya menyu kwa kibodi

Katika Windows na sehemu kubwa ya Linux, F10 hupeleka udhibiti kwenye upau wa menyu. Alt ikishikiliwa huonyesha herufi zilizopigiwa mstari katika majina ya menyu, na herufi hiyo ikibonyezwa menyu yake hufunguka. Alt+F, kwa mfano, ndiyo inayofungua File katika programu nyingi zilizo katika Kiingereza. Ukiwa ndani, mishale hukutembeza, Enter hutekeleza, Esc hukurudisha nyuma hatua moja bila kufanya lolote. Kwenye Mac ni Control+F2, na baadhi ya kibodi zitakutaka ushikilie pia kitufe cha Fn. Kwa mtu asiyeona, au ambaye mkono wake hauwezi kukituliza kipanya, hii ndiyo njia yake ya kila siku ya kufanya kazi, na ni vema kila anayewafundisha wengine aijue.

Kisanduku cha amri

Tunafika sasa kwenye njia ya moja kwa moja zaidi, ambayo ni kuiandika amri yenyewe. Windows ina kisanduku kidogo kinachofunguliwa kwa kushikilia kitufe cha Windows na kubonyeza R. GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon na MATE hutumia Alt+F2. Katika KDE Plasma, kisanduku hicho kinaitwa KRunner na hufunguka pia kwa Alt+Space. Licha ya kuendesha programu, kinaweza kukokotoa hesabu na kutafuta faili.

Jaribu kwanza na amri zisizo na madhara. Katika Windows andika notepad ubonyeze Enter, na daftari dogo la kuandikia litafunguka. Andika calc upate kikokotoo, taskmgr upate orodha ya kazi zinazoendelea, control upate paneli ya mipangilio ya zamani, au %temp% ufunguliwe folda ya faili za muda. Katika Linux andika jina la programu kama ambavyo mfumo unalijua, kwa kawaida kwa herufi ndogo zote: firefox, gimp, libreoffice. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo Firefox yenye F kubwa inaweza kukataliwa pale ambapo firefox inakubaliwa. Windows haijali tofauti hiyo.

Amri inaweza kufuatwa na kitu cha kufanyia kazi. Ukiandika notepad kisha nafasi kisha jina kamili la faili na folda yake, daftari litafunguka likiwa na faili hiyo. Njia ya faili ikiwa na nafasi ndani yake, kama ilivyo kwa C:\Program Files, iweke yote ndani ya alama za kunukuu, la sivyo mfumo unaweza kuikata kwenye nafasi na kuvichukulia vipande hivyo kuwa vitu viwili tofauti. Ujumbe unaosema faili haikupatikana mara nyingi hutokana na hilo.

Lipo jambo moja linalowachanganya karibu wote wanaoanza kutumia kisanduku hiki katika Linux. Mtu anaandika ls, amri ya kuorodhesha faili, anabonyeza Enter, kisanduku kinafungika, na hakuna kinachoonekana. Anadhani amri imeshindwa. Amri haikushindwa, imetekelezwa na kumalizika, ila imeandika majibu yake mahali ambapo hakuna dirisha la kuyaonyesha. Programu zenye dirisha lake zenyewe, kama firefox, hazina shida hiyo. Zile zinazojibu kwa maandishi zinahitaji terminali, yaani dirisha la kuandikia amri na kusomea majibu yake. Katika GNOME, andika amri katika kisanduku kisha ubonyeze Ctrl+Enter badala ya Enter, nayo itaendeshwa ndani ya terminali. Katika Windows hali hiyo huonekana kwa sura nyingine: ukiandika ipconfig, dirisha jeusi linafunguka na kutoweka kabla hujasoma neno. Andika cmd /k ipconfig, na dirisha litabaki wazi baada ya amri kumaliza.

Vilevile, vifupisho vya amri ulivyojitengenezea ndani ya terminali, ambavyo kwa kawaida huhifadhiwa katika faili la .bashrc, havitambuliwi na kisanduku cha Alt+F2, kwa sababu faili hilo husomwa na ganda la amri (shell), programu inayozitafsiri amri unazoandika ndani ya terminali. Ukitaka amri yako ifanye kazi kotekote, iandike kama faili la skripti linalojitegemea, yaani faili la maandishi lenye amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine, jambo tutakalolifanya hapa chini.

Amri iliyoandikwa na mtu mwingine

Kisanduku cha amri hakiulizi maswali. Kufuta faili kwa amri ya rm katika Linux hakuipeleki faili kwenye pipa la taka kama inavyofanya menyu ya kubofya kulia; faili inaondoka moja kwa moja. Ukitaka pipa litumike, amri ni gio trash ikifuatwa na jina la faili.

Hatari kubwa zaidi ni amri unayopewa na usiyemjua. Umeenea ulaghai ambapo ukurasa wa intaneti unamwambia mtu athibitishe kwamba yeye si roboti, au arekebishe hitilafu fulani, kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl+V, kisha Enter. Hatua hizo tatu zinabandika amri ambayo ukurasa umekwisha kuinakili kwa siri, na mtu anaipakua programu hasidi kwa mkono wake mwenyewe. Uthibitisho wa kweli hufanyika ndani ya kivinjari na hauhitaji kisanduku cha amri hata kidogo. Ukiona maelekezo ya namna hiyo, ufunge ukurasa. Na hata amri inayotoka kwa mtu unayemwamini, ibandike kwanza katika daftari la kuandikia, uisome yote hadi mwisho, kwa kuwa kisanduku ni kifupi na sehemu kubwa ya amri ndefu hufichika.

Usiendeshe programu kwa mamlaka ya msimamizi ila pale kazi yenyewe inapoyadai. Katika kisanduku cha Windows, Ctrl+Shift+Enter huendesha amri kwa mamlaka hayo, na mfumo utakuomba uthibitishe kwanza; soma jina la programu linaloonyeshwa hapo kabla ya kukubali.

Kuiingiza amri yako ndani ya menyu

Sasa tufanye kazi kinyume, tuichukue amri na kuifanya kipengele cha menyu. Katika Windows, bofya kulia mahali patupu pa eneokazi, chagua New kisha Shortcut, uandike amri yako na uipe jina. Ukifungua sifa za njia hiyo ya mkato utaona sehemu ya kuiwekea vitufe, kama Ctrl+Alt pamoja na herufi uipendayo. Ili ionekane katika menyu kuu, ihamishie kwenye folda inayofunguka ukiandika shell:programs katika kisanduku cha amri. Ukiiweka katika folda ya shell:startup, itaendeshwa kila unapoingia.

Katika Linux, kila kipengele cha menyu ni faili dogo la maandishi lenye jina linaloishia na .desktop. Yale ya mfumo mzima yamo katika /usr/share/applications, na ya kwako binafsi huwekwa katika .local/share/applications ndani ya folda yako ya nyumbani. Tuchukulie unataka kipengele kinachonakili folda ya Nyaraka kwenye diski ya nje. Kwanza andika skripti, uihifadhi kwa jina nakala.sh katika folda ya bin iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani:

#!/bin/sh
cp -ru "$HOME/Nyaraka" /media/diski
echo "Kazi imekwisha. Bonyeza Enter."
read jibu

Badilisha /media/diski iwe mahali diski yako inapofunguka, kisha uipe skripti ruhusa ya kuendeshwa kwa kuandika katika terminali chmod +x ikifuatwa na njia ya skripti hiyo. Baada ya hapo andika faili la pili, nakala.desktop:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Nakili Nyaraka
Exec=/home/mtumiaji/bin/nakala.sh
Icon=folder
Terminal=true
Categories=Utility;

Weka jina lako la kuingilia mahali pa mtumiaji. Lazima uandike njia nzima ya skripti, kwa sababu mstari wa Exec haupitii ganda la amri, na alama ya ~ au $HOME ikiwekwa hapo haitafsiriwi. Mstari wa Terminal ndio unaoamua kama majibu ya maandishi yataonekana, na mstari wa read ulio mwishoni mwa skripti unalizuia dirisha lisifungike kabla hujasoma. Programu inayopaswa kupokea faili huongezewa %f mwishoni mwa Exec, au %F ikiwa inaweza kupokea faili nyingi kwa pamoja.

Kwa kawaida kipengele kipya huonekana katika menyu bila kuwasha upya kompyuta. Kisipoonekana, hakikisha jina la faili linaishia na .desktop na wala si .desktop.txt, kisha uendeshe desktop-file-validate ikifuatwa na jina la faili. Amri hiyo huutaja mstari wenye kasoro. Kikionekana lakini kikakataa kufunguka, fungua terminali uandike gtk-launch nakala, na usome ujumbe unaotokea. Mara nyingi utakuta skripti haijapewa ruhusa ya kuendeshwa, au njia iliyoandikwa katika Exec ina herufi moja isiyo sahihi.